Uwanja Tunaugombania, Je, Timu Iko Wapi?

Kama ulikulia Nakuru kama mimi, unaijua Jumamosi ya Afraha. Unatoka mtaani kwa miguu na mabeste, unanunua njugu pale getini, halafu unashangilia hadi sauti inakauka. Mwaka 2010 nilikuwa mtoto Ulinzi Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi kuu. Sisi watu wa Nakuru tulijua kombe ni letu.

Kumbe wapi! Ulinzi ni timu ya jeshi. Jeshi lilipojenga uwanja wake Lang'ata, timu ikamfuata mwenyewe hadi Nairobi. Hakuna aliyetuuliza, na angetuuliza kwa nini? Haikuwa yetu.

Nakukumbusha haya kwa sababu ya zile kelele unazoziona kwa simu yako kila siku. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021. Eldoret ikapata hati yake Agosti 15, 2024. Tangu hapo ni kurushiana maneno tu: nani ana uwanja mzuri, nani anapendelewa na serikali, pesa zetu zimeenda wapi. Watu wa Kisumu na Mombasa nao hawakubali kuachwa nyuma.

Wanasiasa wanatujua. Mwaka 2013 Jubilee iliahidi viwanja vipya vitano: Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Kila mji ulipiga makofi. Septemba 2017 CAF ikatupokonya CHAN ya 2018 na ikapelekwa Morocco, maana viwanja havikuwa tayari. Kipchoge Keino wa Eldoret ulikuwa mmoja wa vile vilivyotarajiwa kutumika. CHAN ilipokuja hatimaye mwaka 2025, mechi za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo. Na ule uwanja mpya wa Talanta wa watu 60,000, kwa ajili ya AFCON 2027? Nairobi pia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinitarajie nikuchoree grafu za uchumi. Lakini hesabu hii hata mama wa njugu anaijua: saruji hainunui njugu. Mashabiki ndio wananunua, na mashabiki huja kuona timu. Mechi zikihama, yeye, kijana wa boda na yule wa kuuza jezi wanalala njaa, hata uwanja ukipakwa rangi mara kumi.

Angalia Mombasa. Bandari FC ni ya Mamlaka ya Bandari, na bandari haiwezi kubebwa kwa lori hadi Nairobi. Timu imebaki nyumbani kwa sababu mwenye timu yuko nyumbani. Sisi Nakuru tulikuwa na yetu pia. Nakuru AllStars ndio mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa, mwaka 1963. Waulize vijana wa mtaa wako kama wanalijua hilo jina.

Sasa, Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vya michezo. Maana yake huna haja ya kumngoja mkubwa ashuke na helikopta kuahidi. Kaunti yako ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, enda. Najua hivyo vikao huwa vimejaa wazee na viti vya plastiki, lakini enda tu. Usiulize uwanja utaisha lini peke yake. Muulize mwakilishi wadi wako: ukiisha, nani atacheza hapo kila wikendi? Ligi ya mashinani imetengewa ngapi? Wachezaji watalipwa na nani?

Halafu ukitoka hapo, rudi mtandaoni uendelee kuwachokoza watu wa Eldoret. Hiyo ni haki yako. Ila ingekuwa tamu zaidi kama tungekuwa na timu mbili za kukutana uwanjani, yao na yetu, na mama wa njugu yuko getini.