Kiburi Kwenye Bomba la Maji



Martin Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alieleza dhambi kuwa ni hali ya mtu kujikunja ndani ya nafsi yake, hata mema ayageuze kuwa faida yake. Nimeyaona hayo kwangu. Mradi mmoja wa maji ulipokamilika, nilichelewesha kufungua bomba wiki mbili nikisubiri wageni na picha. Akina mama waliendelea kuteka mtoni. Mimi niliita "utaratibu".

Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 inafundisha kwamba utu wa kale huzamishwa kwa toba ya kila siku, wala si siku ya ubatizo tu. Niliwaomba radhi akina mama wale mbele ya kamati. Bomba linalofuata litafunguliwa siku ileile maji yatakapofika. Kibao chenye majina kitasubiri.