Dhana ya "Bure" katika Ngoma ya Mtaa: Mfano wa Sengenya ya Wadigo

Neno bure katika Kiswahili hubeba maana mbili: kitu kipatikanacho pasipo malipo, na jambo lifanywalo pasipo faida. Asemaye kwamba ngoma ya mtaani ni ya bure hukusudia ile maana ya kwanza, yaani hakuna tikiti wala kiingilio. Makala haya yanadai kwamba, kwa ngoma kama sengenya, hata maana hiyo haitoshi.

Wadigo ni kabila mojawapo katika makabila tisa ya Mijikenda, na makao yao yaenea kusini ya Mombasa hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Bongwe, jirani na Ukunda na Diani, ni sehemu ya nchi hiyo. Sengenya huchezwa kwa ngoma kadhaa zenye sauti mbalimbali, kayamba, upatu na nzumari. (Jina hili lisichanganywe na kitenzi kusengenya, mlingano wa umbo peke yake si ushahidi wa nasaba ya maneno.)

Jirani asikiaye mlio huja bila kuulizwa kitu. Hata hivyo hulipa. Hulipa kwa kuitikia, maana wimbo wa manju usio na waitikiaji hauendi mbali. Tena hulipa kwa kutuza, akaingia uwanjani na kumpa mchezaji au mpiga nzumari fedha mbele ya macho ya wote. Tuzo si bei. Bei hutajwa kabla, ni moja kwa watu wote, na ikishalipwa hakuna anayedaiwa. Tuzo hutolewa wakati wa mchezo, hupimwa kwa moyo na uwezo wa mtoaji, na huanzisha deni: aliyetuzwa leo hutazamiwa kufika kwa mwenzake kesho. Ni jambo la kupendeza kwamba upatu katika Kiswahili ni sahani ya shaba ipigwayo ngomani, na pia ni mchango wa zamu ambao watu huchanga ili mmoja wao apokee. Kama hayo ni maneno mawili au moja, si lazima kuamua hapa. Mwendo wa zamu ndio uleule.

Ngoma hizo hizo huchezwa pia mbele ya wageni katika hoteli za Diani, na ngoma za Mijikenda huonyeshwa Nairobi katika Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971. Si haki kuwalaumu wachezaji kwa kupokea ujira. Wapiga ngoma nao hula. Linalobadilika ni lugha. Mtaani manju hutunga papo hapo kwa Chidigo, akigusa mambo ya watu waliopo: mwenye kuguswa atacheka, atanuna, au atajibu kwa beti lake. Hotelini hakuna wa kumjibu, na muda umekwisha pangwa. Basi manju huchagua mishororo mifupi iliyozoeleka. Midundo hubaki karibu kamili, bali utungaji hupungua.

Mwaka 2009 UNESCO iliingiza mila zinazohusu makaya ya Mijikenda katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Kaya ina msitu wake wa kuhesabika na kulindwa. Malumbano ya uwanjani hayana mipaka ya namna hiyo. Mkusanyaji wa nyimbo anayeelekeza kinasa sauti kwa manju peke yake hurudi na nusu ya maneno, kwani nusu nyingine imo vinywani mwa majirani waliosimama pembeni.