Ugonjwa wa Viungo Unaoitwa Baridi Yabisi

Msomaji, labda katika nyumba yenu yuko mama anayeamka asubuhi na vidole vyake havikunjiki. Hawezi kukamata kikombe cha chai. Hawezi kufunga mtoto mgongoni. Anangoja jua lipande, ndipo mikono inaanza kulegea kidogo. Miezi inapita, vidole vinavimba, na watu wanaanza kusema maneno mengi. Mmoja anasema: Ni baridi ya mto. Mwingine anasema: Ni uzee. Mwingine anasema kwa sauti ya chini: Amelogwa. Soma mafundisho haya kwa makini, maana ugonjwa huu una dawa, lakini hauwangoji wale wanaochelewa.

Jina lake

Watu wengi wanaita kila maumivu ya viungo kwa jina moja, rumatizimu ao baridi yabisi. Lakini magonjwa ya viungo ni mengi. Huu tunaofundisha hapa wanganga wanauita poliartriti rumatoidi. Unakamata wanawake mara mbili ao tatu kuliko wanaume. Mara nyingi unaanza mtu akiwa na nguvu zake bado, katika miaka 30 mpaka 50, lakini hata kijana anaweza kuupata. Basi si ugonjwa wa wazee tu.

Kiungo ni kitu gani?

Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Mwisho wa kila mfupa umefunikwa na gegedu, kitu laini chenye kuteleza, kama unachokiona ukikata mguu wa kuku. Kiungo kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko ni ngozi nyembamba. Ngozi hii inatoa maji yenye kuteleza kama ute wa yai, ili mifupa isisagane.

Ugonjwa unatoka wapi?

Katika damu yetu kuna askari wadogo sana. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyoingia mwilini. Katika ugonjwa huu askari wanakosa kujua adui. Wanapiga ile ngozi nyembamba ya viungo kana kwamba ni kitu kigeni. Ngozi inavimba, inakuwa nene, inajaa maji, halafu inaanza kula gegedu na mfupa.

Kwa sababu gani askari wanapotea hivi? Hakuna sababu moja tu. Wengine wamezaliwa na mwili ulio mwepesi kupata ugonjwa huu, ndiyo maana mara nyingine unaonekana kwa ndugu wa tumbo moja. Kuvuta tumbaku kunaongeza hatari. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini haileti ugonjwa. Hauambukizi: mnaweza kula sahani moja na kulala nyumba moja. Wala hauletwi na jirani, mke-mwenzi ao mama-mkwe. Usimfukuze mtu nyumbani kwa ajili ya vidole vilivyovimba. Kumfukuza hakutaponya kidole hata kimoja.

Namna ya kuutambua

Angalia alama hizi:

1. Viungo vidogo vya mikono na miguu vinavimba na kuuma.
2. Pande zote mbili zinaugua, mkono wa kuume na wa kushoto.
3. Asubuhi viungo vinakazana kwa muda mrefu, mara nyingi saa moja ao zaidi.
4. Hali hii inaendelea majuma sita ao zaidi.
5. Mgonjwa anachoka sana, anakonda, na damu yake inapungua.

Usichanganye ugonjwa huu na mingine. Mzee aliyelima miaka mingi, goti lake limechakaa; linamuuma zaidi jioni baada ya kazi, na asubuhi linalegea upesi. Jongo inashika kwa ghafula, mara nyingi usiku, katika kidole kikubwa cha mguu. Mtoto aliyeugua koo, halafu viungo vyake vikauma kimoja baada ya kingine, labda ana homa ya rumatizimu inayoharibu moyo. Mpeleke hospitali bila kungoja. Na kama kiungo kimoja tu kimevimba, ni cha moto, na mgonjwa ana homa, pengine kuna usaha ndani. Huyo afike hospitali siku ile ile.

Hospitali watapima damu. Lakini damu peke yake haitoshi, maana wagonjwa wengine damu yao haionyeshi kitu. Sherti munganga ashike viungo na kusikia habari yako yote.

Matokeo yake

Ugonjwa ukiachwa, vidole vinapinda kwa upande wa kidole kidogo na havirudi tena. Mama hawezi kutwanga sombe, kushika jembe, wala kufunga kifungo cha nguo. Uharibifu mwingi unaanza katika miaka miwili ya kwanza. Na hauishi katika viungo tu: macho yanakauka, mapafu na moyo vinaweza kuugua.

Dawa

Dawa ya maumivu, kama ibuprofeni, inapunguza maumivu lakini haizuii ugonjwa. Uinywe baada ya kula, kwa maana inaweza kutoboa tumbo.

Dawa zinazotuliza wale askari ni nyingine. Ya kwanza ni metotreksati. Sikiliza sana: hii inanywewa MARA MOJA KWA JUMA, siku ile ile kila juma. Si kila siku. Anayeinywa kila siku anaweza kufa. Mwanamke mwenye mimba asiinywe, wala anayetafuta mimba, maana inaharibu mtoto. Anayeinywa aache pombe, naye apimwe damu kama munganga alivyopanga. Kuna pia hidroksiklorokwini na sulfasalazini. Zote zinafanya kazi polepole, majuma mengi. Usiache kwa kusema hazina nguvu.

Katika mwaka 1948, huko Rochester, Marekani, munganga Philip Hench alimpa dawa ya kortizoni mwanamke aliyeshindwa kutembea kwa ugonjwa huu. Baada ya siku chache akatembea. Watu wakashangaa, na katika mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa zawadi ya Nobel. Lakini baadaye ilionekana kwamba dawa hii ikitumiwa sana inaleta matata makubwa.

Ndugu za dawa hiyo ni prednisoloni na deksametazoni. Munganga anaweza kukupa kidogo, kwa muda mfupi. Lakini watu wanazinunua sokoni bila karatasi ya munganga, kwa sababu maumivu yanakwisha upesi na uso unanenepa. Ule unene si afya. Mifupa inakuwa mepesi kuvunjika, sukari inapanda katika damu, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kama umezinywa muda mrefu, usiziache kwa ghafula, utaanguka. Njoo, munganga azipunguze polepole.

Usichanje ngozi juu ya kiungo. Wembe hautoi ugonjwa huu, lakini unaweza kuingiza vijidudu.

Kazi ya nyumbani

Kiungo kikiwa cha moto na kimevimba, kipumzishe. Kikitulia, kikunje na kukinyosha kila siku, kisikauke. Asubuhi tia mikono katika maji ya vuguvugu. Funga mpini wa jembe kwa kitambaa ao mpira wa zamani wa baisikeli, uwe mnene, vidole visibane sana. Beba mzigo kwa mikono miwili, si kwa vidole. Acha tumbaku.

Na ninyi wa nyumbani, msimwite mgonjwa mvivu. Asubuhi mchoteeni maji. Baadaye, viungo vikilegea, atafanya sehemu yake.

Maulizo

1. Askari wa damu wanakosa namna gani katika ugonjwa huu?
2. Taja alama tano za ugonjwa.
3. Metotreksati inanywewa mara ngapi kwa juma? Nani asiinywe?
4. Kwa nini uso ulionenepa kwa vidonge vya sokoni si alama ya afya?
5. Katika kijiji chenu, ni nani mwenye vidole vilivyovimba zaidi ya majuma sita? Mwambie aje hospitali.