Picha Ilipendeza kwenye Skrini, Mbona Imetoka Giza?

Malalamiko ya wateja wa studio za picha hufanana: kwenye kompyuta picha ilipendeza, imechapishwa imetoka giza. Suti ya bwana harusi imekuwa bonge moja jeusi, mikunjo wala vifungo havionekani, na uso wa bibi harusi umepoteza nuru yake. Lawama huiangukia printa. Mara nyingi printa haina kosa. Kosa ni la skrini, tena la mwangaza kabla hatujafika kwenye rangi.

Karatasi haiwaki, hurudisha tu mwanga unaoiangukia. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali, mara nyingi zaidi ya kandela 250 kwa mita ya mraba. Kwa kazi ya kuchapisha inatosha kati ya 80 na 120. Anayehariri kwenye skrini kali huona picha ina mwanga tele, akaiacha ilivyo au hata kuupunguza mwanga huo. Ngozi nyeusi ndiyo huumia kwanza, kwa sababu uzuri wake umo katika tofauti ndogondogo za kivuli, na hizo ndizo humezwa mapema. Kwa wapiga picha wetu hili si jambo la kupuuza hata kidogo.

Basi anza na mwangaza, hata kama huna kifaa chochote. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa utakayotumia kukagulia picha, kisha punguza mwangaza mpaka weupe wa skrini ukaribiane na wa karatasi. Zuia jua la dirishani. Zima pia ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe na umanjano jioni.

Kwenye rangi, macho hayatoshi. Jicho huzoea haraka: ukikaa mbele ya skrini iliyoelemea bluu, baada ya muda utaapa kwamba ni nyeupe. Hapo inahitajika kolorimita, kifaa kidogo kinachoegemezwa juu ya kioo cha skrini. Iache skrini iwake nusu saa kwanza. Programu itaonyesha viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, na kifaa kitapima kila kimoja. Lengo la kawaida ni weupe wa Kelvin 6500 na gama, yaani jinsi mwangaza unavyopanda kutoka giza hadi weupe, ya 2.2. Mwishoni programu huandika profaili, yaani faili inayoiambia kompyuta skrini hii inakosea wapi na kwa kiasi gani, kama mwenye duka anayejua mizani yake inazidisha gramu ngapi, naye akazitoa. Skrini huchakaa, kwa hiyo pima tena kila baada ya mwezi mmoja hivi.

Maduka mengi ya kuchapisha hutegemea sRGB, mfumo wa rangi ulioasisiwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Ukipeleka picha ya Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, mahali wasipoangalia profaili, itatoka imepauka. Uliza kwanza. Uliza pia kama wana profaili ya printa na karatasi yao. Ukiipata, programu ya kuhariri itakuonyesha mapema jinsi weusi utakavyofifia kwenye karatasi hiyo. Marekebisho ya mwisho yafanye hapo, kabla hujalipia hata nakala moja.