Pastitsio kwenye kimo cha Goma

Maji ya Goma hayafiki nyuzi 100. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya mji imepanda kuliko hapo. Kwenye kimo hiki hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo yanaanza kuchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi za selsiasi, na ukiongeza moto yatatokota kwa fujo zaidi lakini hayatapanda joto. Wamama wanaopika maharage wanalijua jambo hili bila kipimajoto, kwa kuangalia tu jinsi gunia la makala linavyoisha. Anayepata taabu ni yule anayechukua mapishi ya Ulaya na kuzifuata dakika zake neno kwa neno, kisha akalaumu mkono wake mwenyewe.

Nimechagua pastitsio ya Wagiriki kulieleza hili kwa sababu mbili. Ni chakula kinachopita kwenye moto mara nne, na kila mara kimo chetu kina lake la kusema. Tena karibu kila kinachohitajika, ukiondoa makaroni, unga wa ngano na viungo, kinashuka kutoka milima ya Masisi.

Pastitsio ni makaroni ya kuokwa yenye tabaka tatu. Chini kuna makaroni marefu yenye tundu, yaliyochanganywa na jibini. Katikati kuna nyama iliyosagwa, iliyopikwa na nyanya, mdalasini na karafuu. Juu kuna sosi nyeupe nzito ya maziwa na mayai, ambayo huokwa hadi ipate madoa ya kahawia. Hukatwa vipande vya mraba, na kipande kilichotoka vizuri husimama chenyewe kwenye sahani, tabaka zote tatu zikionekana.

Asili yake ni pai za Waitalia. Kisiwa cha Corfu kilitawaliwa na Venice kuanzia 1386 hadi 1797, na vyakula vingi vya Kigiriki vya makaroni vina alama ya utawala huo. Ile sosi nyeupe ilikuja baadaye sana. Aliyeieneza ni mpishi Nikolaos Tselementes, aliyezaliwa 1878 na kufariki 1958, ambaye kitabu chake kiliingia karibu kila nyumba ya Ugiriki. Wapo Wagiriki wanaomlaumu hadi leo kwamba alilifanya jiko lao kuwa la Kifaransa. Mimi namshukuru. Sosi ile ndiyo inayokipa chakula hiki nguvu ya kusafiri, kwa maana penye maziwa mazuri inapikika. Misri wanapika ndugu yake, makaroni ya bechameli, na huko si chakula cha wageni tena.

Wagiriki wenyewe hawakuwa wageni Congo. Enzi za Wabelgiji walikuwa wafanyabiashara mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na huko Kasenga kwenye mto Luapula ndio waliokuwa wakinunua na kuvua samaki, wakawapakia kwenye barafu kwenda kulisha miji ya migodi. Wengi walipoteza maduka yao baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyotangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire.

Turudi jikoni, tuanze na jibini, kwa sababu hapo ndipo Goma inapowazidi wengi. Wagiriki hutumia kefalotyri, jibini gumu la maziwa ya kondoo au mbuzi, lenye chumvi kali. Sisi tuna fromaji ya Goma, ile ya magurudumu madogo ya rangi ya njano hafifu, inayotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe kwenye malisho ya Masisi kwa ufundi ulioletwa na wamisionari Wabelgiji, na iliyokuwa ikipakiwa kwenye ndege hadi Kinshasa. Ikiwa changa ni laini na tamu kidogo. Ikikaa hukauka, ngozi yake hukolea rangi, na chumvi yake hujitokeza. Ya pastitsio ni hiyo iliyokaa. Ubonyeze ubavu wa gurudumu kwa kidole gumba: ikibonyea kirahisi, hiyo ni ya kulia mkate. Unayoitaka inakataa kidole, na ukiikwaruza kwenye kikwaruzo inatoa chembe zinazoachana, hazishikani kuwa donge. Ukipata changa tu, ikwaruze asubuhi, itandaze kwenye sinia chini ya kitambaa safi hadi jioni ili ipunguze maji, kisha ongeza chumvi kidogo kuliko unavyofikiri.

Sitaificha hali ilivyo. Vita vimewapora wafugaji wa Masisi ng'ombe wengi, na barabara ya Sake, inayotoka huko kuja Goma, imefungwa na kufunguliwa mara nyingi, kwa hiyo kuna majuma fromaji inapanda bei au haionekani kabisa. Juma la namna hiyo pika kitu kingine. Jibini la kuyeyuka la vipakiti halifanyi kazi hii. Linalegeza sosi na kuacha ladha ya mafuta.

Kwa watu wanane chukua nusu kilo ya makaroni, gramu 700 za nyama ya ng'ombe, lita moja ya maziwa, gramu 100 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi, mayai matatu na gramu 200 za fromaji. Kwa sufuria ndogo ya mviringo, gawa kila kitu nusu, ila mayai yawe mawili.

Nyama ndiyo inayotangulia, kwa kuwa inaweza kungoja. Mwambie mwenye buchari akupe nyama ya bega, uikatekate mwenyewe kwa kisu kikali hadi iwe punje ndogo. Nyama ya kisu hubaki na utafunaji ambao mashine huuponda. Kaanga vitunguu viwili, tia nyama, iache ishike rangi kabla ya kuigusa, kisha nyanya mbivu zilizomenywa, kijiko cha nyanya ya kopo, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu na chumvi. Wagiriki huongeza glasi ya divai nyekundu. Asiyeitumia hapungukiwi kitu. Baadaye funika, moto uwe mdogo. Sufuria yetu inatokota kwa nyuzi 95, na nyama ya bega hulainika polepole zaidi kwenye joto hilo, kwa hiyo ile nusu saa ya vitabu hesabu kuwa dakika 50. Mwishoni fungua mfuniko na uikaushe. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi, bila mchuzi kurudi kuijaza, nyama iko tayari. Nyama yenye mchuzi ndiyo inayofanya vipande kubomoka mezani. Usisahau kuokoa zile karafuu na kijiti.

Makaroni yanatuletea bahati nzuri. Kwa kawaida mapishi haya husema yatolewe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa sababu yatamalizikia kwenye oveni. Muda wa pakiti umepimwa kwa maji ya nyuzi 100. Hapa Goma makaroni yaleyale yanadai dakika mbili au tatu zaidi ili yaive kabisa. Basi hesabu mbili hizo zinakutana: ukifuata pakiti kama ilivyo, utayatoa yakiwa bado na kiini kigumu kidogo, na ndivyo tunavyoyataka. Kata moja kwa meno utazame: katikati ya unene wake paonekane mstari mweupe mwembamba. Chuja, yaache yapoe kidogo, changanya na weupe wa mayai na theluthi ya fromaji. Weupe ule utayagandisha pamoja yakishaokwa. Wagiriki hupanga bomba moja moja yakielekea upande mmoja, ili kisu kikipita yaonekane matundu tu. Inafaa kujisumbua. Ukikosa marefu, makaroni mafupi ya sokoni Virunga yanafaa, na spageti pia, ingawa haina nafasi ya kupokea sosi ndani.

Sasa sosi. Maziwa ya bidoni kutoka Masisi lazima yachemshwe kwanza. Nyuzi 95 zinatosha kabisa kwa usalama, kwani viwanda husafisha maziwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu. Kinachohitaji uangalifu ni uchachu. Maziwa yaliyokaa juani njiani yanaweza kukatika yakipata moto, kwa hiyo chemsha vijiko viwili pembeni kwanza. Yakigawanyika vipande na maji, hayo yawe ya kugandishwa, tafuta mengine.

Yeyusha siagi kwenye sufuria nzito, mimina unga wote, koroga kwa moto mdogo dakika mbili au tatu. Unga utatoa povu na kunukia kama biskuti, lakini usibadilike rangi. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku unakoroga bila kupumzika. Mara ya kwanza utapata donge gumu linalokutisha. Ongeza maziwa, koroga, litalainika. Chembe za wanga wa ngano huanza kunywa maji na kuvimba kuanzia nyuzi 60 hivi, na hukamilisha kazi karibu na nyuzi 90 na zaidi. Mtu wa Athens anaipita alama hiyo bila kuiona. Sisi tunaifikia kwa shida, kwa hiyo sosi ikianza kupasua viputo usiitoe. Iache ipasue taratibu kwa dakika tano kamili, ukikoroga hadi pembeni mwa sufuria. Sosi iliyotolewa mapema ina ladha ya unga mbichi, na hakuna kungumanga itakayoificha. Ikiwa tayari, chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake: alama ya kidole ibaki na kingo zake zisitiririke.

Epua, subiri kidogo, tia kungumanga iliyokwaruzwa, chumvi na theluthi nyingine ya fromaji. Viini vya mayai vipige na kijiko kikubwa cha sosi kwanza ili vizoee joto, ndipo uvirudishe vyote. Ukivitupa moja kwa moja vitaiva kama mayai ya kukaanga. Ongeza pia robo kikombe cha maziwa ambayo vitabu havikuyataja, kwa sababu kwenye kimo chetu maji hutoka haraka kwenye kitu kinachookwa, na uso wa sosi hukauka na kupasuka.

Panga: makaroni yote, nyama, sosi, na fromaji ya mwisho juu.

Mwenye oveni na umeme wa uhakika ataweka nyuzi 180 kwa dakika 45. Tangu mtambo wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, uzinduliwe mwaka 2015, nyumba kadhaa za Goma zimeweza kupika kwa umeme, lakini babula ya makala bado ndiyo jiko la wengi, nami naandika hasa kwa ajili yao. Tafuta sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, weka kibati kilichopinduliwa juu yake, ifunike na uipashe robo saa. Usitumie mawe ya lava yaliyolowa, hupasuka. Sufuria ndogo yenye pastitsio ikae juu ya kibati, isiguse kuta. Funika kwa mfuniko wa chuma na uweke makala yaliyoshika vizuri juu ya mfuniko, mengi kuliko yaliyo chini, kwa sababu kazi kubwa iko juu. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye kibati kabla ya kuingiza chakula: ukipata rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika tano hivi, moto unafaa. Ukiungua mara moja, punguza. Na kazi hii ifanyike nje au mlangoni. Hatari si moshi unaoonekana peke yake. Gesi ya makala haina rangi wala harufu, kama mazuku, ile gesi inayotoka ardhini kwetu, na imewaua watu wakiwa wamelala.

Baada ya nusu saa fungua mara moja tu. Uso ukiwa na madoa na katikati ikitikisika kidogo unapogusa sufuria, iache dakika kumi zaidi, kisha epua.

Usikate. Ikitoka motoni sosi bado ni ya kumiminika, na wanga unaishika upya kadiri unavyopoa. Saa nzima ndiyo kiasi chake, na itabaki vuguvugu, ambavyo ndivyo Wagiriki wanavyoila. Watoto wakishindwa kungoja, wape saladi ya kabichi.

Iliyobaki isilale mezani usiku kucha kwa kisingizio cha baridi ya Goma. Ina maziwa na mayai. Iwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, na nyumba isiyo na friji ipike ile nusu. Kesho yake kata vipande vya unene wa kidole, viweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, upande wa makaroni chini, na ufunike. Mpaka sosi ya juu ipate moto, makaroni ya chini yatakuwa yamefanya ukoko, na wapo wanaopika pastitsio nzima kwa ajili ya ukoko huo.