MBUYU NAO TUUPANDE



Kila mkulima ajua kwamba karafuu hazizai sawa kila mwaka. Mwaka huu majamvi hayatoshi kuanikia, mwaka wa pili jamvi moja halijai. Tena mkarafuu wataka udongo wenye kina. Kule mashariki ya Pemba, penye mawe na uwanda, mkarafuu hausitawi, mbuyu husitawi.

Lakini tujiulize: mibuyu tunayookota mabuyu ilipandwa na nani? Na katika mji wako, mbuyu mchanga uko wapi? Mche wake haufanani na mama yake. Majani yake ya kwanza ni mamoja mamoja, hayajagawika kama vidole vya mkono, basi mtu huupalilia akidhani ni gugu. Ukisalimika na jembe, mbuzi huumaliza.

Njia ya kuupanda ni hii. Vunja buyu lililokomaa, roweka ubuyu, osha mbegu. Ganda lake ni gumu sana. Likiachwa hivyo, mbegu yaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Chemsha maji, yaepue, tia mbegu, ziache humo mpaka kesho yake. Au kwaruza ganda kwa tupa upande mmoja, kisha roweka.

Panda katika kopo refu lililotobolewa chini, kwani mzizi wake hushuka upesi. Changanya udongo na mchanga. Nyunyiza maji kwa kiasi. Maji yakituama, mzizi huoza. Masika yakiingia, hamishia mche mahali penye jua, mbali na nyumba na mbali na mikarafuu, maana mbuyu hutanua sana. Uzungushie boma la miti mpaka upite kimo cha mbuzi.

Maua yake meupe hufunguka magharibi, na popo ndio wachukuao chavua. Basi popo tusiwafukuze mibuyuni.

Hatuwadanganyi: kungoja buyu la kwanza kwaweza kufika miaka 15 au 20. Lakini majani machanga ni mboga mapema, na ubuyu una vitamini C nyingi, mbali na ule wa sukari na rangi wanaoupenda watoto.

Wazee walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Masika haya, kila mwanachama mwenye kipande cha mawe apande japo mmoja. Sisi tumekula wa babu. Na mjukuu naye ale wetu.