Je, wajua? Kadi ya mtandao iliyonyamaza huenda bado inapiga hodi

Kila kadi ya mtandao ina anwani yake ya biti 48 iliyopewa kiwandani, na ile ya kasi ya gigabiti moja inaweza kupokea fremu ndogo zipatazo 1,488,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, kadi hiyo inaweza kunyamaza ghafla ilhali yenyewe ni nzima kabisa, hasa ikiwa ndani ya kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja.

Dalili zake huwachanganya mafundi. Taa ya kadi inawaka, swichi inaitambua, waya hauna kasoro, lakini data haipiti. Taa hiyo inathibitisha jambo moja tu: sakiti iliyounganishwa na waya imeelewana na swichi. Maelewano hayo hufanyika bila prosesa kuhusishwa.

Tatizo huwa ndani zaidi. Fremu ikifika, kadi huiandika kwenye memori, kisha hutuma ishara ya katizo ili prosesa iache kwa muda inachofanya na kuihudumia. Ni sawa na mgeni anayepiga hodi. Asipoitikiwa, husubiri mlangoni, na nafasi alizotengewa kwenye memori zikijaa, fremu zinazofuata hutupwa.

Kompyuta za zamani za prosesa moja zilitumia jozi ya chipu aina ya 8259, ambayo ilipokea ishara kutoka vifaa 15. Zenye prosesa nyingi zilihitaji chipu nyingine, I/O APIC, inayochagua ishara ipelekwe kwa prosesa ipi. Mwongozo wa Intel, ambao toleo lake la 1.4 lilitoka mwaka 1995, ulieleza jinsi BIOS inavyopaswa kuujulisha mfumo endeshi kila kifaa kimeunganishwa na mlango upi wa chipu hiyo. Orodha hiyo ikikosewa, hodi ya kadi husikika kwenye mlango ambao hakuna anayeisubiri.

Chanzo cha pili ni programu kiendeshi. Prosesa moja inaweza kuwa inatuma fremu huku nyingine ikihudumia katizo la kadi ileile. Pasipokuwa na kufuli ya kuzipanga kwa zamu, zote mbili hubadilisha hesabu za kadi kwa wakati mmoja na kuzivuruga. Kosa la namna hii linaweza kujificha kwa wiki nyingi kisha likajitokeza siku mtandao umelemewa.

Chanzo cha tatu ni vifaa kugawana ishara moja. Katika Linux, makatizo 100,000 yakipita na zaidi ya 99,900 kati yake yakakosa mwenyewe, mfumo huizima ishara hiyo. Kadi iliyokuwa ikiitumia pamoja na kifaa korofi huadhibiwa kwa kosa la jirani.

Utafutaji wa chanzo huanzia kwenye faili la Linux liitwalo /proc/interrupts, linaloonyesha idadi ya makatizo ya kila kifaa kwa kila prosesa. Lisome mara mbili huku ukijaribu kutuma data. Namba ya kadi isipoongezeka, ishara haifiki. Iwashe kompyuta upya kwa chaguo la noapic, linaloizima I/O APIC. Kadi ikifanya kazi, chunguza BIOS. Hali isipobadilika, jaribu maxcpus=1, inayobakiza prosesa moja bila kuizima I/O APIC. Kadi ikitulia hapo, tafuta toleo jipya la programu kiendeshi. Kuihamishia kadi kwenye nafasi nyingine ndani ya kompyuta nako kunaweza kuitenganisha na kifaa inachogawana nacho ishara.

Teknolojia imepunguza sana matatizo haya. Toleo la 2.2 la PCI lilileta MSI, ambapo kadi huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu badala ya kutumia waya wa ishara. Mrithi wake, MSI-X, anaruhusu hadi jumbe 2,048 tofauti kwa kifaa kimoja, hivyo kila prosesa inaweza kupewa foleni yake ya fremu.

Kwa shule au ofisi ndogo inayotegemea kompyuta za mtumba, maarifa haya yanaokoa fedha. Kadi mpya ikichomekwa kwenye kompyuta yenye orodha ya BIOS iliyokosewa, itanyamaza vilevile. Anza na hesabu ya makatizo, ndipo uamue kama kuna kitu cha kununua.